Rangi ya Baraza la Mbao: Niliyojifunza kati ya Kigamboni na Kimara

Anayetaka kuchagua rangi ya baraza la mbao huanza, karibu kila mara, kwa kuutazama ukuta wa nyumba yake. Husimama getini, akaona ukuta ni wa krimu au mweupe, kisha akajiuliza ni mbao za rangi gani zitakazopendeza mbele yake. Baada ya kusimamia mabaraza mawili katika pande mbili za Dar es Salaam zisizofanana hata kidogo, nimefikia kuamini kwamba ukuta ndio unaostahili kuulizwa mwisho. Ukuta hupakwa upya mwenye nyumba akipata fedha kidogo au harusi ikikaribia. Ndoo chache za rangi ya maji na fundi mmoja mwenye rola vinatosha kuugeuza. Bati halibadilishwi kwa wepesi huo, wala fremu za aluminiamu, na udongo wa kiwanja haubadilishwi kabisa. Kwa hiyo rangi ya baraza, ambalo nalo likishapakwa ni kazi kubwa kulikwangua, inapaswa kupatana kwanza na vitu vilivyokuja kukaa.

Ninaposema baraza ninakusudia ile sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo fupi nje ya mlango wa sebule, isiyoezekwa au iliyofunikwa nusu tu, ambapo familia huketi jioni na wageni huvua viatu. La kwetu liko Kigamboni, mahali ambapo upepo wa bahari unafika na kiwanja ni mchanga mweupe mpaka chini. La pili ni la mdogo wangu na mumewe, lililoko Kimara, kwenye mteremko wa udongo mwekundu ambao kila aliyewahi kufua soksi za mtoto wa huko anaufahamu. Fundi seremala alikuwa yuleyule na mbao zilitoka kwa muuzaji yuleyule. Hata hivyo hatukupata rangi hata moja iliyofaa kote.

Jambo hilo lilidhihirika mapema. Nilipokwenda Kimara kuanza mazungumzo ya kazi, nilikuwa nimeweka kwenye buti la gari vipande vya mbao nilivyovipaka majaribio kule kwetu. Kipande kilichopendwa na kila mtu Kigamboni kilikuwa cha kijivu chenye ukahawia ndani yake, rangi ya makuti yaliyokwisha kukaa juani miaka kadhaa. Juu ya mchanga mweupe na karibu na bati letu la bluu, kilitulia vizuri. Nilipokilaza kwenye udongo wa Kimara, kilipauka na kuingia ukijani ambao hakuna aliyekuwa ameuona awali. Mdogo wangu alidhani nimeleta kipande kingine. Kijivu kina kawaida hiyo: kikizungukwa na wekundu mwingi, jicho huongeza lenyewe kinyume cha rangi inayotawala, na kinyume cha wekundu ni ukijani. Kopo la rangi halina kosa, na fundi hana kosa. Kipande kimehamia kwa majirani wapya.

Nianze na bati, kwa kuwa ndilo linaloonekana tangu barabarani. Mabati ya rangi yanayoezekwa Dar es Salaam, hasa yale ambayo mafundi huyaita ya msauzi, huja kwa rangi chache zinazojirudia mtaa hadi mtaa: nyekundu ya matofali, chokoleti, kijani kilichokolea, bluu, na miaka ya karibuni kijivu cha mkaa. La chokoleti hukubaliana na karibu kila rangi ya mbao, na mwenye nalo anaweza kuruka aya hii. Jekundu la matofali ni gumu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mbao nyingi ngumu za nchi hii zina wekundu wa asili, na wekundu wa aina mbili unaokaribiana bila kulingana hugombana. Bati la bluu lina tabia yake. Katika mpangilio wa rangi, bluu na chungwa ni kinyume, na kila moja huikoleza nyenzake. Mbao yoyote yenye uchungwa hata kidogo itaonekana imewaka zaidi ikikaa chini ya paa la bluu. Mninga uliopakwa vanishi, ambao kwa fanicha za ndani siuoni mshindani wake, ulikuwa mkali mno nje ya nyumba yetu.

Fundi hakuliona hivyo. “Mama, mlango wako ni mninga,” aliniambia. “Piga baraza lifanane na mlango, mgeni akifika aone kitu kimoja.” Hoja yake haikuwa mbaya, na ndiyo iliyonifanya niyatazame upya majengo ya zamani ya mjini ambayo nimekuwa nikiyapita tangu utoto bila kuyauliza kitu. Boma la Kale, lile lililojengwa miaka ya 1860 enzi za Sultani Majid kwa mawe ya matumbawe, lina kuta nyeupe pana na mlango wa mbao uliochongwa, wenye rangi nzito. Mbao ile inapendeza kwa sababu ni kidogo: mlango mmoja katikati ya weupe mwingi. Baraza ni kinyume chake. Ni eneo kubwa, limelala, na linaonekana lote kwa pamoja kutoka getini. Rangi ya mlango ikitandazwa juu ya eneo kubwa namna hiyo huacha kuwa pambo na kuitawala nyumba nzima. Mlango wenyewe hupotea, kwani hakuna tena cha kuutofautisha. Nilimwambia fundi kwamba nataka mgeni auone mlango kwanza, na baraza limpeleke huko. Alikubali nusu, kama mafundi wanavyokubali.

Jengo la pili lililonifaa ni kanisa la Kilutheri la Azania Front, ambalo Wajerumani walianza kulijenga 1898. Lina kuta nyeupe na paa jekundu la vigae, na juu ya madirisha kuna vipaa vidogo vya vigae vya aina hiyohiyo. Wekundu wa juu unarudiwa chini, mahali padogo padogo, na hivyo jengo lenye minara na pembe nyingi linashikamana kuwa kitu kimoja. Nilichokichukua pale ni kanuni moja tu: rangi ya baraza irudie kitu ambacho tayari kipo kwenye nyumba, na kisiwe lazima kile kikubwa zaidi. Kwetu fremu za madirisha ni za rangi ya fedha. Kijivu chenye ukahawia kilipata ndugu pale, kikaacha kuwa mgeni. Kimara fremu ni za rangi ya shaba iliyokolea, ambayo ni kahawia inayokaribia weusi, na kutoka hapo tukawa na mahali pa kuanzia.

Udongo nao una sauti kubwa kuliko inavyotarajiwa. Kuanzia Machi hadi Mei, wakati wa masika, maji yanayotiririka kutoka ukingoni mwa bati huchimba ardhi na kuirushia nyumba. Ndiyo maana nyumba nyingi za Kimara, Mbezi ya Morogoro Road na Goba zimepakwa mkanda wa rangi ya damu ya mzee au kahawia kwenye mguu wa ukuta. Mkanda ule ulibuniwa na tope, mafundi walifuata tu. Baraza la mbao liko chini zaidi ya mkanda na halina pa kukimbilia. Likiwa la rangi ya mchanga, kila wayo wa mtoto anayetoka kucheza huandikwa juu yake kwa wekundu, na maji ya kupigia deki hayaoshi wekundu huo, huusambaza. Watu wengi husema, basi lipakwe jeusi. Lakini wakati wa kiangazi udongo huohuo hugeuka vumbi, na vumbi jekundu juu ya mbao nyeusi huonekana kuliko tope lilivyoonekana. Rangi inayoficha uchafu ni ile iliyo karibu na uchafu wenyewe, ikizidi kukolea kidogo. Kule Kimara hiyo ni kahawia ya katikati. Kwetu Kigamboni, ambako kinachoingia na miguu ni mchanga mweupe, ni kijivu cha wastani. Mchanga hukaa juu yake siku nzima pasipo mtu kuuona, jambo ambalo mama mkwe wangu hulichukulia kuwa uvivu uliopewa jina zuri.

Shemeji yangu wa Kimara alikuwa na mawazo mengine. Alikuwa amekusanya picha za nyumba za nchi za baridi, kuta nyeupe, baraza la rangi ya mkaa, na kochi la kijivu juu yake, na ni kweli zilipendeza. “Shemeji, huku ndiko dunia inakoelekea,” alinieleza, na sikumpinga, kwa kuwa si kazi yangu kubishana na mwenye nyumba. Nilimwomba tu tupake vipande vitatu, kimoja cha mkaa, kimoja cha kahawia ya katikati na kimoja cha rangi ya mchanga, tuvilaze uani tangu saa tano, na saa nane mchana avue viatu avikanyage kimoja baada ya kingine. Kwenye kile cha mkaa hakumaliza kuweka wayo wa pili. Rangi iliyokolea hunyonya mwanga na kuugeuza joto, na ubao hauna pa kulipeleka joto hilo isipokuwa kwenye mguu. Kampuni nyingi za rangi huandika kwenye kadi zao kiwango cha kuakisi mwanga, kinachohesabiwa kuanzia 0 hadi 100: nyeupe ya kawaida ya dukani huwa juu ya 80, rangi za mkaa huwa chini ya 15. Mahali ambapo watu hukaa na viatu vyao mwaka mzima, tofauti hiyo ni ya macho tu. Kwetu, ambako viatu huachwa chini ya ngazi na watoto hutambaa juu ya baraza, ni tofauti ya kulitumia baraza mchana au kulitazama kupitia dirishani.

Picha zile zina udanganyifu mwingine ambao si wa makusudi. Zimepigwa chini ya jua la pembeni, lililolala, ambalo hutia kivuli na kina kwenye kila rangi. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena kwenye wiki ya pili ya Oktoba, na hata katikati ya Juni, ambapo liko mbali zaidi upande wa kaskazini, adhuhuri bado huwa juu sana. Ubao uliolazwa hupokea mwanga huo wote pamoja na wa anga nzima, ilhali ukuta uliosimama hupokea sehemu tu. Matokeo yake ni kwamba rangi ileile huonekana nyepesi ikiwa sakafuni kuliko ikiwa ukutani, na nyepesi zaidi kuliko ilivyoonekana kwenye kadi ndani ya duka lenye taa ya mrija. Kahawia uliyoiona dukani ukadhani ni nzito mno, huenda ndiyo hasa itakayotoka kahawia ya wastani juani. Hapa kuna mvutano wa kweli, kwa sababu jicho linadai rangi nzito kidogo na wayo unadai nyepesi kidogo. Mimi husikiliza wayo.

Inafaa pia kujua baraza linatazama wapi. La kwetu linatazama kaskazini, na wageni hushangaa kwamba linachomwa zaidi wakati wa kipupwe, miezi ya Juni na Julai, kuliko Desemba. Sababu ni hiyohiyo ya jua kuhamia kaskazini, ambapo kivuli cha paa hurudi nyuma na kuliacha wazi. La Kimara linatazama mashariki. Hupata jua la asubuhi na jioni huwa kivulini, hivyo ilikuwa salama kwenda hatua moja zaidi kwenye uzito wa rangi kuliko tulivyothubutu kwetu.

Sasa mbao zenyewe, maana hapa ndipo fedha hupotea. Mbao tulizotumia ni za paini kutoka upande wa Mafinga, kwenye mashamba ya Sao Hill, zilizotiwa dawa dhidi ya mchwa na kuoza. Dawa hiyo ina shaba ndani yake na huacha ukijani kwenye ubao, na ukijani huo hauondoki kwa kutamani. Ukipaka juu yake rangi inayopitisha mwanga, kitakachoonekana ni jumla ya rangi yako, manjano ya paini na ukijani wa dawa. Kopo hilohilo likipakwa kwenye mninga hutoa kitu tofauti kabisa, na kwenye msaji tofauti tena. Kwa hiyo kadi ya dukani, iliyochapishwa juu ya karatasi nyeupe, haiwezi kukuambia lolote la uhakika kuhusu ubao wako. Wekundu kidogo ndani ya rangi huuzima ukijani wa dawa. Hilo lilitusaidia sana Kimara, na kwetu lilitulazimu kutia ukahawia kwenye kijivu zaidi ya tulivyokusudia. Zaidi ya hayo, mbao za dawa mara nyingi huuzwa zikiwa bado mbichi. Nyunyiza maji juu yake: yakikaa kwa matone, ubao haujawa tayari kupokea kitu, yakinywewa, fundi anaweza kuanza.

Kuhusu aina ya rangi, mafundi wa hapa hutaja tatu. Kuna rangi ya mafuta inayofunika ubao wote, kuna vanishi, na kuna ile ya kupenya, ambayo huingia ndani ya ubao na kuacha nyuzi zake zionekane. Vanishi angavu ndiyo inayopendwa kwa sababu siku ya kwanza hung’aa kama mlango wa msikiti. Juani haidumu. Mionzi ya jua huupita uwazi wake na kuivunja lignini, ile gundi ya asili inayoshikilia nyuzi za mti. Kisha ubao ulio chini huachana na vanishi iliyo juu, ikaanza kubanduka magamba, na hapo huwezi kupaka juu yake tena bila kupiga msasa baraza zima. Rangi ya kupenya yenye unga wa rangi wa kutosha hukinga mionzi, na ikichakaa huchakaa kwa kufifia. Hufifia kwa usawa, ukapaka tena juu yake. Kwa maoni yangu hii ndiyo ya kutumiwa kwenye jiji hili, na mtu asiposhawishika na umbo lake la siku ya kwanza, asubiri masika mawili.

Kuna ya nne, ambayo haiuzwi dukani, nayo ni oili chafu ya gari. Fundi wetu aliipendekeza Kigamboni na akaipendekeza tena Kimara kwa imani isiyotikisika, kwamba mchwa haligusi. Kwa nguzo za uzio, kila mtu na uamuzi wake. Kwa mahali pa kukalia, oili chafu hutia weusi usio na mpangilio, hunuka, hupaka kanga na kanzu, na ubao ulioinywa haukubali tena rangi nyingine yoyote. Anayeichagua awe amechagua rangi ya mwisho ya baraza lake.

Jambo dogo la Kigamboni ambalo Kimara halikutusumbua ni chumvi. Misumari na skrubu za kawaida hushika kutu mapema karibu na bahari, na chuma kikikutana na maji na tanini, kemikali ya asili iliyomo ndani ya mbao, hasa mbao ngumu, huacha michirizi myeusi chini ya kila kichwa cha msumari. Juu ya rangi nyepesi michirizi hiyo haifichiki. Skrubu za chuma kisichoshika kutu ni ghali, lakini ndizo zilizotupa uhuru wa kuchagua rangi ya wastani badala ya kulazimika kwenda kwenye nzito ili kuficha.

Tazama pia juu. Juu ya uwanja wa mdogo wangu kuna mzambarau, ambao mwishoni mwa mwaka hudondosha zambarau nyingi kuliko watoto wanavyoweza kula, na doa la zambarau kwenye ubao mwepesi ni la kudumu. Kwetu hakuna mzambarau, kuna kunguru. Hawa kunguru wa India, walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na kisha wakaenea pwani nzima, wana desturi ya kutua kwenye reli ya baraza alfajiri, na wanachokiacha ni cheupe. Juu ya reli ya rangi ya mkaa kingeonekana tangu barabarani. Sikuwahi kuona kadi ya rangi inayomshauri mtu kuhusu kunguru, lakini kwa mkazi wa Dar es Salaam ni kigezo halali kabisa.

Kwa habari ya majaribio, nitaeleza tunavyofanya, kwa kuwa ndiyo sehemu ambayo watu huiharakisha. Omba vipande vya mabaki ya mbao zilezile za kazi, virefu kiasi cha mkono, na uvipige msasa kama baraza litakavyopigwa, kwa sababu ubao wenye mikwaruzo hunywa rangi zaidi na kutoka mzito. Paka mikono miwili kamili, yaani tabaka mbili za rangi. Mkono mmoja hudanganya. Kisha vilaze chini, karibu na ukuta, mahali baraza litakapokuwa. Kuviegemeza ukutani, jinsi kila muuzaji anavyoonyesha, ni kuvitazama katika mwanga ambao baraza halitaupata kamwe. Vitazame asubuhi, saa nane, na jua linapozama, kutoka getini na kutoka ndani ya sebule mlango ukiwa wazi, kwani sakafu ya nje na vigae vya ndani vitaonekana pamoja kila siku. Kimwagie kimoja kikombe cha maji: ubao uliolowa hukolea, na wakati wa masika hiyo ndiyo rangi utakayokaa nayo kwa wiki nyingi. Kisha washa taa. Taa nyeupe ya baraza letu iligeuza kijivu chetu kuwa cha ubuluu usiku. Tuliibadilisha kwa ya manjano, na tatizo likaisha kwa bei ya balbu.

Tuliporudi Kimara na vipande vipya, uamuzi haukuchukua muda mrefu. Bati ni jekundu la matofali, fremu ni za shaba iliyokolea, ardhi ni nyekundu. Tulichagua kahawia ya katikati inayofuata fremu, yenye wekundu mdogo kuliko wa bati, kwa tofauti iliyo wazi kiasi kwamba hakuna atakayedhani tulijaribu kufananisha tukashindwa. Reli na nguzo zake zilipakwa krimu ya ukuta, kwa kuwa mbao zilizosimama zikiwa za rangi ya sakafu huonekana nzito na kuifunga nyumba mbele. Shemeji alipata mkaa wake kwenye vyungu vya maua. Ukuta ulipakwa mwishoni kabisa, krimu iliyotulia zaidi kidogo kuliko ile ya awali, baada ya kuona baraza likiwa limekauka mbele yake.

Ngazi zilizua mjadala wa pekee kwa ajili ya mama yetu, ambaye macho yake hayatofautishi tena vidato vya rangi moja jioni. Kila kidato kilipewa ukingo wa rangi nyepesi zaidi, na sehemu za kukanyaga hazikupakwa chochote kinachong’aa. Mng’ao humwumiza macho aliyekaa, na mvua ikinyesha huwa utelezi. Pale ambapo ukungu wa kijani huota kila masika, huwa utelezi maradufu.

Kazi ya kupaka upya tumeipanga kati ya Julai na Septemba, masika yakiwa yamepita na vuli ya Oktoba haijaanza, kwa kuwa mbao zinahitaji kukauka hadi ndani kabla ya kupokea mkono mwingine. Baraza la Kigamboni linadai kupakwa mapema kuliko la Kimara, kwa ajili ya jua la kaskazini na upepo wa bahari. Na kwa kuwa kijivu chetu kilipatikana kwa fundi kuchanganya makopo mawili, nilimtaka aandike uwiano wake kwenye kopo lililobaki, pamoja na aina ya ubao na idadi ya mikono. Mwenzake atakayekuja siku yeye hayupo asije akakisia.